Aliyeupa Ubao Mgongo

Ifugao, 14 Agosti 1998

Dada Perla mpendwa,

Hujambo huko Hong Kong? Yule bibi unayemtunza ameanza kula? Sisi hatujambo, ila mvua imebomoa tuta la juu la mpunga, wanaume wanalijenga.

Kuhusu Lilet wako, kaa kwa amani. Chumba chetu unakijua: darasa la kwanza, la tatu na la sita pamoja, mwalimu mimi peke yangu, ubao mmoja mbele, mwingine nyuma. Bila binti yako ningekuwa nimeshakimbia! Nikiwa mbele na wakubwa, yeye yuko nyuma na wadogo. Wanamwita Mwalimu Mdogo. Juzi alimkemea mwanangu: "We Dondon, herufi hailiwi! Toa chaki mdomoni!" Mkaguzi wa shule aliyekuja kututembelea alicheka sana, kisha akanisifu mimi. Picha aliyotupiga hii hapa.

Mdogo wako,
Jovita

Hong Kong, 2 Novemba 1998

Mdogo wangu Jovita,

Salamu nyingi. Bibi anakula sasa, ila vijiko ananirushia mimi.

Picha nimeionyesha kanisa zima. Mwenzangu Josie akaniambia, "Perla, punguza, mtoto hajawa waziri." Nikamjibu, bado kidogo tu! Ile nafasi ya ufadhili katika sekondari ya masista ndiyo tegemeo langu. Akiipata, nitajua sikumwacha bure akiwa na miaka minne. Anajiandaa? Natuma viatu vya siku ya mtihani.

Dada yako,
Perla

Ifugao, 20 Machi 1999

Dada Perla,

Natumaini u mzima. Barua yako ya Novemba sikuijibu, wala ya Januari. Niliogopa.

Lilet ameshindwa. Hesabu za sehemu hakuzijua kabisa. Angezijulia wapi? Kila nilipozifundisha alikuwa nyuma na wadogo, ameupa ubao wangu mgongo, nami nikimwona. Nilijiambia kwetu mkubwa humbeba mdogo, hata mimi nilisoma na mtoto mgongoni. Lakini huyu nilimtwika darasa zima, kwa sababu wadogo wakitulia nilipata kupumua. Wote wanasoma sasa. Dondon wangu anasoma, dada, na kila nikimsikia naona aibu.

Tulipotoka kwenye mtihani alivua viatu asivichafue, akasema, "Samahani, mama mdogo, nimekuaibisha." Nikamnunulia ndizi za kukaanga. Ndizi!

Nimemwomba arudie darasa la sita, aujaribu tena mtihani. Nikaripie, nitukane, ila niandikie.

Mdogo wako,
Jovita

Hong Kong, 30 Mei 1999

Mwalimu Jovita,

Hujambo? Mimi mzima.

Nimekuandikia mara nyingi nikachana. Lilet ameniandikia pia, na hakukulaumu hata kidogo. Anauliza tu, darasa la kwanza jipya likija mwezi ujao, nani atalifundisha kusoma?

Ile picha bado iko ukutani kwangu. Jana niliitazama vizuri. Mwanangu anacheka na chaki yake, na kule mbele, nyuma ya mgongo wake, ubao wako umejaa hesabu. Zilikuwapo muda wote nilipokuwa nikijisifu kanisani. Kwa hiyo siwezi kukutukana peke yako.

Shule ikifunguliwa, mkalishe mbele, anapouona ubao. Wadogo wakilia, usimwite.

Mama Lilet