Kikohozi Kisichopewa Dawa

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi ndio adimu. Utafiti wetu umeanza kuonyesha njia. Zahanati zilizokuwa zikimwaga antibiotiki kwa kila mafua sasa zimepunguza kabisa. Hiyo ya mtaani kwenu ndiyo inayoongoza, tumeipa nyota nne. Mpe muuguzi hongera zangu. Vijidudu vikizoea dawa, Mama, siku tukizihitaji kwelikweli hazitatufaa.

Mziwanda wako

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu inanibeba, sina la kulalamika. Muuguzi nimempa hongera, akacheka mpaka magego yakaonekana. Nyota zenu kazibandika mlangoni.

Mjukuu wangu anakohoa. Dada yako alimpeleka zahanati jana, akaambiwa ni mafua tu, ampe maji ya kutosha. Amerudi amenuna: "Dawa ziko kabatini, nimeziona kwa macho yangu!" Nikamwambia, mdogo wako ndiye aliyesomea. Akaenda kumchemshia maji.

Mama yako

29 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo, na simu ya dada, ndiyo pekee hapo nyumbani, haipokelewi. Mvueni mtoto shati mtazame kifua. Kama anahema mbiombio, au kifua kinabonyea chini ya mbavu, hayo si mafua. Ni homa ya mapafu, na hiyo lazima apewe dawa. Ndivyo tulivyowafundisha wauguzi. Mkimbizeni hospitali, msinisubiri.

Mziwanda wako

6 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ilikuta tumeshamzika. Kifua kilikuwa kinabonyea vilevile ulivyoandika. Sisi tulidhani ni kukohoa.

Muuguzi alikuja msibani, akakaa nyuma kabisa. Watu walipopungua akanifuata jikoni. "Mama, siku ile foleni ilifika barabarani. Sikumvua shati. Na niliogopa tusije tukashuka nyota." Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikaendelea kuisugua.

Dada yako hataki hata utajwe. Usije kwanza.

Mama yako

19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nyota nimeziondoa zahanati zote. Mkuu wangu anasema utafiti umefaulu, kifo kimoja hakibadilishi matokeo. Nikamwambia huyo mmoja alikuwa akiniita Mamdogo. Akaomba radhi, kisha akaniuliza ripoti itakuwa tayari lini.

Nitaiandika. Dawa zikipoteza nguvu watakufa watoto wengi zaidi, hilo nalijua, na bado chakula hakipiti. Humu mna barua ya dada. Tafadhali mpe.

Mziwanda wako

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa namsubiri dada yako. Barua yako ilikaa mezani, anaizunguka tu akifagia. Jana kahamia kwa wakwe zake. Hakuifungua, wala hakuichana. Kaitia kwenye begi katikati ya nguo za mtoto, akafunga zipu, akaondoka bila kuniaga vizuri.

Sasa unaweza kuja. Nyumbani nimebaki peke yangu.

Mama yako