Vikopo Viwili vya Masanja

Ngokolo, Shinyanga. Alhamisi, jioni.

Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi kama wageni wanaoona haya kusema shida iliyowaleta. Joto limetanda na mvua hakuna. Nimechoka, lakini si kwa kazi. Nimechoka kwa kusikiliza.

Masanja amelala ukumbini, madirisha yote yako wazi, miguu yake ameiweka juu ya mto. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, kwa hiyo ni mwanangu. Alikuja kwangu kutoka machimbo ya dhahabu ya upande wa Geita akiwa amekonda hadi shati ndilo lililomvaa yeye. Ana kifua kikuu, na tuliambiwa ni kile sugu, kisichosikia dawa za kawaida. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuyaandika haya, mradi nibadilishe majina. Nimeyabadilisha.

Nilifundisha biolojia hadi nilipostaafu, kwa hiyo atakayesoma hapa anivumilie nieleze kidogo. Bila maelezo haya, kilichotokea leo hakitaeleweka.

Kila kiumbe hubeba ndani yake maandishi yanayokiongoza, nayo tunayaita vinasaba. Bakteria wa kifua kikuu naye anayo: maandishi marefu mno, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu zinazopangwa na kupangwa tena. Anapozaliana, mara moja moja herufi hukosewa. Mara nyingi kosa hilo halidhuru kitu. Lakini likiangukia mahali fulani, dawa iliyokuwa ikimwua inakosa pa kumshika. Mgonjwa akiendelea kuinywa, wanakufa bakteria wengine wote na yule mwenye kosa anabaki na shamba zima peke yake. Huo ndio usugu.

Zamani, ili kujua dawa ipi ingefaa, maabara ilimwotesha bakteria kisha ikamjaribia dawa moja moja. Bakteria huyu hana haraka. Wiki zilipita, pengine miezi, huku mgonjwa akingoja na kukohoa. Siku hizi ipo mashine kwenye hospitali zetu inayotoa jibu siku hiyohiyo, ila inasoma mstari mmoja tu wa yale maandishi, unaohusu dawa moja kubwa. Maabara kuu inaweza kusoma kitabu kizima na kusema: dawa hii itafaa, hii ni kazi bure.

Kikopo cha kwanza cha makohozi ya Masanja kilitoka kwenye zahanati ya kule machimboni. Mashine ilisoma mstari wake ikasema sugu. Akaja kwangu, akaanzishiwa dawa kali hapa mjini. Siku ya kuanza, daktari alimsimamisha nje penye upepo, akakohoa kikopo cha pili mbele ya macho yake. Mabaki ya kile cha kwanza, pamoja na hiki cha pili, yakapelekwa maabara kuu.

Dawa zimemsaidia. Kikohozi kimepungua, na ugali sasa anaumaliza. Lakini mojawapo ya dawa hizo huumiza mishipa ya fahamu, na kwake imeshukia miguuni. Anasema ni kama anakanyaga makaa. Daktari amempunguzia dozi na ametuonya kwamba ikiendelea hivi, huenda miguu isirudi kuwa kama zamani. Kijana wa kuchimba, bila miguu atakuwa nani?

Jana tuliitwa kliniki.

Daktari ni mwanamke kijana, mpole wa sauti. Alivuta kigoda akakaa karibu nasi. Alisema majibu yamerudi na hayapatani. Bakteria wa kikopo cha kwanza ana makosa ya kumfanya azishinde dawa kadhaa. Bakteria wa kikopo cha pili hana hata moja, tena hata katika herufi zisizodhuru kitu wanapishana mno. Dawa za kawaida zingemmaliza.

Nikasema maabara imekosea. Nililisema kwa sauti ile ya mbele ya darasa, na sijivunii.

Hakukasirika. Alikubali kwamba huenda vikopo vilichanganywa. Akasema pia kwamba mtu mmoja anaweza kubeba bakteria wa aina mbili, ingawa si kawaida. Kisha akamgeukia Masanja.

"Au kikopo kimoja si chako, kaka. Niambie tu. Nikikuondolea dawa kali kumbe unazihitaji, nitakuua. Nikikuachia kumbe huzihitaji, nitakuharibia miguu bure."

Masanja alitazama sakafu. Akasema anasikia kizunguzungu. Tukarudi nyumbani.

Leo asubuhi nilikaa naye nikimenya karanga za kuunga michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Sikumuuliza kitu. Nilimweleza tu, kwa njia ambayo mtoto wa wafugaji hawezi kuikosa. Nikamwambia: ng'ombe wawili wekundu wakiokotwa porini, mtu wa mjini atadhani ni ndugu. Wewe utatazama nini?

"Chapa," akasema. "Na masikio yalivyokatwa."

Ndivyo, nikamwambia. Yale makosa ya herufi yasiyodhuru kitu ni chapa. Bakteria mama humrithisha mtoto, na mtoto mjukuu. Hawa wa kwenye vikopo vyako chapa zao zinapishana mno. Hawakutoka zizi moja.

Alicheka kidogo. Akasema kumbe hata wadudu wana wenyewe. Kisha akachukua karanga moja akaigeuza vidoleni bila kuimenya.

"Mayu, yule wa kwanza si wangu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Hajaniita hivyo tangu tumzike mama yake.

Basi akasimulia. Kule zahanati walimpa kikopo akakohoe asubuhi na mapema. Kikohozi chake wakati ule kilikuwa bado kikavu, akapeleka kilichopatikana. Wakamrudisha: haya ni mate, tunataka makohozi. Akajaribu tena akashindwa tena. Ana rafiki yake, Maduhu, wanachimba duara moja na kulala chini ya turubai moja. Duara ndilo shimo la wachimbaji wadogo. Maduhu alimwona akihangaika na kile kikopo, akamcheka, akamwambia, "Lete hapa, mimi ninayo ya kugawa." Akakohoa mara moja, kikajaa.

Nilimuuliza hakuona kwamba ni makohozi ya mtu mwingine?

"Wote tunakohoa, mayu. Turubai moja, kikombe kimoja. Nilijua na kikohozi chetu ni kimoja."

Na jibu lilipokuja kwamba ni sugu, aliamini ni la wote wawili. Akaja kutibiwa, na Maduhu akabaki. Duara lao bado halijatoa kitu, na kwa desturi yao anayeondoka kabla ya kuufikia mwamba wa dhahabu hupoteza mgao wake. Maduhu ana mke na watoto Bukombe wanaongojea mwamba huo. Tena kambini, ukitajwa kuwa na kifua kikuu unafukuzwa kama mbwa. Masanja akaona kusema ni kumchongea mtu aliyemsaidia.

Nilikasirika. Naliandika hapa ili lisinikae rohoni. Nilikasirika hadi nikaiweka ile sahani ya karanga chini kwa kishindo.

Halafu nikafikiri. Huku kwetu, mtu akiugua msimu wa palizi, majirani huingia shambani mwake na majembe bila kuitwa. Mahindi yakikua hakuna anayeuliza ni mkono wa nani ulioyapalilia. Masanja na Maduhu walilelewa katika jambo hilo zuri. Walipopewa kikopo walikitendea kama shamba la mgonjwa.

Ila makohozi hayapaliliwi na jirani.

Nilimwambia jambo moja tu: mwenye bakteria sugu ni Maduhu, hana hata kidonge kimoja, na muda huu yuko chini ya ardhi anavuta vumbi pamoja na wenzake. Hewa ya shimoni haina pa kwenda. Masanja alijibu kwamba atamwambia daktari ukweli, lakini jina la Maduhu hatalitoa kabla Maduhu mwenyewe hajasikia kutoka kwake. Nikakubali, ingawa vidole vyangu vilikuwa vimeshaifikia simu.

Akampigia daktari. Nilitegemea atafokewa. Daktari alimshukuru. Alisema kesho atoe sampuli nyingine mbele yake, kisha atashauriana na wenzake kabla ya kubadilisha chochote. Zile dawa kali hazikupotea bure, alisema, kwa kuwa zimewapiga na hawa bakteria wake wa kawaida; ila ni nyundo iliyotumika kuua mbu. Mwisho akasema mwenye kikopo cha kwanza aje, awe nani awe. Hataulizwa kwa nini.

Alasiri, Maduhu alipopanda kutoka shimoni, Masanja alimpigia. Aliweka sauti ya nje, nadhani alitaka niwepo. Alizunguka sana. Salamu, mvua, mawe, nani kagombana na nani kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Nami nilikuwa nikimwombea ujasiri.

"Maduhu, ndugu yangu," akasema hatimaye, "kile kikopo kilikuwa na ugonjwa wako. Mimi nimekunywa dawa zako."

Maduhu akacheka. "Basi zirudishe."

Kicheko kikageuka kikohozi. Tulingoja. Kilikuwa kikohozi kirefu cha kifuani, nami nilijikuta nimeshika ukingo wa meza. Kilipotulia, hakuwa na mzaha tena. Alisema damu imeanza kutoka, na wenzake amewaambia ni fizi. Alisema mwamba uko karibu, wiki hii au ijayo, kila mtu anasema hivyo.

"Mwamba utapatikana," Masanja akamwambia, "na wewe umezikwa. Mgao wako ataupokea nani? Mkeo hajui hata duara liko wapi."

Nilisikia karasha ikisaga mawe upande wa pili wa simu.

Kisha Maduhu akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli dawa zile zinaunguza miguu. Nilimtazama Masanja. Ningekuwa mimi, ningemdanganya ili asiogope. Masanja aliitazama miguu yake pale juu ya mto.

"Yangu inauma," akasema. "Ya kwako sijui, daktari atakuwa anaiangalia. Lakini silali tena nikikohoa, Maduhu. Nimesahau hata ilivyokuwa."

Nilidhani simu imekatika.

"Kesho napanda basi la asubuhi nije kwenu," Maduhu akasema. "Mwambie mayu asinisogelee."

Sasa jua linazama nyuma ya mawingu yaleyale. Nimekifagia chumba cha uani, ambacho kina madirisha mawili, nimeyafungua yote. Barakoa zipo. Daktari ameshajua kwamba kesho tutakwenda na mtu wa pili. Jina atalitaja mwenyewe. Masanja amelala usingizi mzito, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala utotoni baada ya kuchunga.

Kuna jambo moja siwezi kumwambia, kwa hiyo naliandika. Ninaogopa. Umri wangu umekwenda, mapafu yangu nayo yamekwenda nao, na ugonjwa wenyewe ndio ule unaozishinda dawa. Najua husafiri kwa hewa, na kwamba mkono wa mtu haukupi kifua kikuu. Nimelirudia hilo mbele ya watoto wa watu mwaka baada ya mwaka, nikawapa na maksi.

Kesho kijana atashuka basi, amechoka, ana aibu, ataniona nimesimama na barakoa yangu. Atasema shikamoo na kuninyooshea mkono, au ataurudisha nyuma akinisubiri mimi.

Hapo ndipo nitajua kama somo lile na mimi nililisikia.