Mwendo Wako Nimeuchora

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Hujambo? Miguu inasemaje, na zile ngazi za kwenu bado mnagombana? Sisi huku wazima. Mama goti humsumbua asubuhi; ikifika saa nne amelisahau, anatusumbua sisi. Paka wako amezeeka lakini wizi hajaacha.

Uliniuliza habari za kazi. Ninayo, tena safari hii inakuhusu, kwa hiyo kaa kitako. Kliniki moja imetupa kazi ya kutengeneza filamu fupi za katuni kwa ajili ya watu wenye ugonjwa wa misuli kama wako. Mko wachache mno, na wengi wakishaambiwa jina la ugonjwa hurudi nyumbani wakidhani wako peke yao duniani. Daktari anataka mgonjwa mpya aonyeshwe dakika tatu za mtu mwenye hali hiyohiyo, anayepika, anayefanya kazi na kucheka.

Nikamchora mama anakwenda sokoni. Sasa sisi wachoraji tuna uvivu wetu: mtu akitembea tunachora hatua mbili tu, kisha tunazirudiarudia mpaka afike. Watazamaji hawagundui. Nikafanya hivyo hivyo, nikajipongeza.

Tukawaonyesha wagonjwa sita waliokubali kutukagua. Fundi cherehani mmoja, mama mcheshi mwenye ulimi mkali, akasema, "Mwanangu, mbona huyu hachoki? Hatua ya kwanza na ya hamsini sawasawa! Huyo si mwenzetu, hiyo ni saa ya ukutani." Wakacheka wote. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikarudi mezani kuchora hatua mojamoja. Wiki tatu, shingo imekuwa ubao. Lakini hatua zenyewe nizitoe wapi? Dada, nisikufiche: nilichukua zako. Ule mkono unaotambaa ukutani. Kule kusimama ngazi ya tatu ukainama kufunga kamba za viatu, na mimi niko juu nakupigia kelele, "Kobe! Tutachelewa shule!"

Tukaonyesha tena. Mama wa katuni alipoinama tu, fundi cherehani akapiga makofi. "Kamba! Jamani, hata mimi nikichoka nilikuwa najifanya nafunga kamba!" Dereva mmoja mstaafu, mtu mkimya, akafuta machozi bila kujificha. Daktari anaitaka filamu mwezi ujao.

Sijampa. Najua hutaki mtu auone mwendo wako. Hata harusini kwangu hukuja, kisa kamera. Niliumia, lakini nilielewa. Sasa nimeuchukua mwendo huohuo bila hata kupiga hodi. Ukisema hapana, nitaufuta wote na sitanuna, si bure mliniita Kifutio. Ukisema ndiyo, kuna mtu atatoka kwa daktari akiwa ameshamwona mwenzake.

Jambo jingine. Baada ya yale maneno ya fundi cherehani sikutulia. Jana nikaitoa picha yetu ya shule, ile tuliyopigwa mlangoni, nikavitazama viatu vyako. Ni vya kishikizo, Dada. Havina kamba hata moja. Miaka yote ile nilisimama juu ya ngazi nikikutazama ukifunga kamba zisizokuwepo, nami nikakuita Kobe. Nisamehe. Nimeandika sentensi hii mara nne na bado naiona haitoshi.

Nisalimie shemeji na wale mapacha watundu. Waambie mjomba wao anataka michoro, si visingizio. Wifi yako anakusalimu sana. Mama anasema ule vizuri na uache ubishi. Mungu akujalie pa kushika kila unapotaka kupumzika.

Kuhusu jibu, usijiharakishe. Safari hii nitakusubiri.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, Kifutio