Pweza Aliyesomwa Maiti

Kwako Bi Mabruka, mshauri wa wasomaji,

Naomba msaada, na naomba upesi, kwa kuwa daktari amesema moyo wangu hautangoja mvua za Aprili, nami sitaki kwenda na jambo hili. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kangemi, na kwa miaka arobaini nimechapa watoto wa watu kwa kosa la kusema uongo.

Mwaka 1970 mwanafunzi wangu Mwendwa alipata nafasi ya chuo kikuu huko Norwei, na mimi, kabla hata ya kusoma karatasi zake vizuri, nilisimama kanisani nikatangaza kwamba anakwenda kusomea udaktari, mbuzi akachinjwa, akina mama wakalia kwa furaha, halafu barua ya kwanza ikaja kupitia sanduku langu la posta, maana mama yake, anayefua nguo Spring Valley, hana sanduku wala hajui kusoma, na desturi yetu ni kwamba barua ya ng'ambo husomwa kwa sauti, chai ikiwa mezani na majirani wamejaa hadi mlangoni, nami nikaifungua mbele yao nikakuta kijana anasomea viumbe vya baharini, yeye ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya Mto Athi.

Jirani yetu Mzee Kihara akauliza, "Haya Mwalimu, daktari wetu anasemaje?"

Ningemjibu nini, kwamba tumemchinjia mbuzi mtu aliyekwenda kuchunguza konokono? Barua ilisema, "Leo nilipasua pweza," mimi nikasoma, "Leo nilipasua maiti," wakapiga makofi, na tangu hapo, miaka minne sasa, sijamsomea mama yule barua hata moja kama ilivyoandikwa, na majibu yake pia naandika mimi, yeye akisema, "Mwambie anawe mikono vizuri akitoka kwa wafu," mimi naandika, "Mama anakusalimu, mvua imenyesha."

Sasa Mwendwa anatua Embakasi Jumamosi, tarehe 16 Machi, na Mama Mwendwa ana uvimbe shingoni tangu mwaka jana. Hospitalini walimwambia apasuliwe mwezi wa kumi, akakataa, akaniambia, "Mwalimu, nikatwe shingo na mgeni, na mwanangu ana kisu chake?" Siku hizi hata uji anaumeza kwa shida, lakini anacheka, anasema zimebaki siku chache tu. Juzi nilianza kumweleza, akanikatiza, akanishukuru kwa kumtengenezea mwana. Je, si heri ninyamaze, labda Mola atanichukua kabla ya ndege kutua?

Mwalimu, Kangemi

*

Mwalimu wangu, shikamoo. Baada ya hapo adabu yangu imekwisha.

Barua yako nimeitanguliza. Wenye waume walevi watangoja, wamezoea. Mpango wako ni mzuri mno: wewe uzikwe Alhamisi, usifiwe kaburini, na Jumamosi kijana ashuke ndege akute foleni ya wagonjwa, Mzee Kihara ameshavua shati, na mama mtu anamwonyesha shingo. Naye atoe nini mfukoni, ndoana? Kifo kinakutafuta, Mwalimu, lakini hakijakubali kuwa tarishi wako.

Na huyo pweza alikukosea nini? Mimi ni mzaliwa wa Lamu. Kwetu mtu anayejua pweza anataga wapi na lini, hafichwi, huvutiwa kiti. Mlimchinjia mbuzi mtu sahihi, ukamsomea sifa za mtu mwingine.

Usiniambie kwamba ulimhurumia mama. Yule angeshangilia hata kama mwanawe angesomea vyura, mradi amepanda ndege. Wewe ndiye uliyetaka kuitwa mwalimu wa daktari. Umeitwa miaka minne, na anayelipa ni shingo ya mwenzako. Inatosha.

Pole kwa moyo wako, nasema kweli. Najua pia kwamba hukutaka nikubaliane nawe: anayetaka kunyamaza hanunui stempu.

Basi sikiliza. Leo hii tuma mtu posta apeleke telegramu: "Mama ana uvimbe. Anadhani wewe ni daktari wa watu. Nilimdanganya mimi." Usitie salamu, usitie mvua. Kijana asikutane na habari hii uwanjani, mbele ya kwaya iliyokuja kumlaki.

Kisha mwite Mama Mwendwa kwako, peke yake, bila majirani wala chai. Usianze kwa kulia, maana ataacha shingo yake akubembeleze wewe. Mwambie kwanza kwamba hakuna kisu kinachokuja Jumamosi, na kwamba anakwenda hospitali sasa hivi, teksi iko mlangoni. Msamaha uombe ndani ya teksi. Akikutukana, itikia. Akinyamaza, nyamaza naye hadi mfike. Kanisani utasema Jumapili. Ulikotangaza ndiko utakakotangua, na kama moyo hauruhusu kusimama, sema umeketi.

Zile barua nazo, za miaka minne, usife nazo. Mrudishie. Mwanawe atamsomea akiwa amelala wodini, na huenda akacheka kwa pweza kuliko alivyowahi kucheka kwa maiti.

Na kama utakosa pa kuanzia, chukua gazeti hili. Yeye hajui kusoma, na wa kumsomea ni wewe. Msomee kuanzia juu. Ukifika kwenye pweza, soma pweza.

Bi Mabruka