Bolti Niliyosema Nimeikaza

Mpendwa mdogo wangu Festo,

Barua hii naiandika wazi, asomaye asome, kwa sababu wewe ulilaumiwa mbele za watu. Ningekuwa na namba yako ningekupigia. Ile ya zamani haipatikani tena. Jamaa aliyekuona Tunduma anasema unatengeneza malori pale mpakani, na kwamba mtu akikuuliza kwenu ni wapi, unajibu huna kwenu. Aliponiambia hivyo tulikuwa sokoni Tegeta, mie nimeshika kapu la mboga. Nikakaa juu ya gunia la muuza viazi bila hata kumwomba.

Unalikumbuka lile boksi? Ulilileta hapa Boko umelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, ukalitua juu ya meza ya kulia, nikakufokea kwa sababu nilikuwa nimetandika kitambaa cha sikukuu. Ndani mlikuwa na turbo, dude la chuma lililojiviringisha kama konokono, pamoja na mabomba yake, mipira, gasketi na mfuko mzima wa bolti. Nikakuuliza hilo ni nini. Ukavuta kiti.

“Dada, moshi unaotoka kwenye injini unapotea bure,” ukasema. “Hii inaukamata. Moshi unazungusha feni humu ndani, feni inasukuma hewa kurudi kwenye injini. Injini ikipata hewa nyingi, inapata nguvu.”

“Kwa hiyo gari la Baba litakimbia?”

“Halitakimbia, sista. Litapaa.”

Ukaniambia ndoto yako ya kufungua gereji yako mwenyewe pale Tegeta. Ulikuwa umechoka kuwa msaidizi wa mafundi wasiojua hata nusu ya ulichokijua. Ulisema watu wa mji huu hawaamini maneno, wanaamini gari likipita mbele yao. Gari la Baba ndilo lingekuwa kibao chako.

Baba alikuwa barazani anapiga msasa kinyago cha mpingo, miguu yote imejaa vumbi jeusi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila kuinua kichwa, “Gari limezaliwa na mapafu yake. Mnalipachika mengine ya nini?” Lakini gari alikupa. Alikuwa haendeshi tena kwa sababu ya macho, na nadhani moyoni alifurahi kwamba kuna kitu chake bado unakihitaji.

Tulifanya kazi ile Jumamosi tatu. Sikutegemea kuzipenda. Tangu Mama atutoke, nyumba yetu ilikuwa ya watu watatu wanaosalimiana tu, na mie nilikuwa nikirudi kutoka kwenye ukarani wangu pale shuleni, napika, nalala. Sasa ghafla nilikuwa nimechutama uani na daftari lako mkononi, nakusomea hatua moja baada ya nyingine, na wewe uko chini ya gari unaitika “Ndiyo!” kila ukimaliza, nami naweka alama ya vema. Tulimwaga oili, tukatoa eksozi, tukapigana na bolti moja iliyoshika kutu mpaka ukavua shati. Siku ya pili ulikwenda na sampu, lile bakuli la oili la chini ya injini, kwa mchomeleaji, ukarudi imetobolewa na kuwekewa mdomo wa kurudishia oili, ukanionyesha ule mchomeleo kama mtu anayeonyesha pete ya uchumba.

Ni siku hiyo, ukiwa chali chini ya gari, uliponiambia jambo ambalo nadhani usingelisema kama ungekuwa unaniona usoni.

“Unajua, Baba hajawahi kuisifia kazi yangu. Kwake kazi ya mikono ni mpingo tu. Nataka aone na mimi nina mikono.”

Nikakusomea hatua inayofuata.

Sasa nisikilize, Festo. Hapa ndipo nimekuwa nikikwepa.

Jumamosi ya tatu lilibaki bomba dogo linalopeleka oili kwenye turbo. Lilikuwa nyuma ya injini, mahali pembamba, na mkono wako haukupita. Ukaniambia, “Dada, mikono yako midogo. Ingiza bolti, weka washa mbili za shaba, hivi vipete, moja juu moja chini, halafu kaza na spana mpaka igome.” Niliingiza. Niliweka washa. Nikaizungusha kwa vidole mpaka ikashika, nikageuka kuchukua spana. Hapo boza la maji likapiga honi getini. Tulikuwa na siku nyingi bila maji, unakumbuka, na dereva yule alikuwa hangoji mtu. Nikakimbia kufungua geti, nikavuta mpira mpaka kwenye tenki, nikasimama kuhakikisha maji hayamwagiki. Niliporudi nilikuwa nimeloa, ninacheka, na wewe ulikuwa umeshika daftari.

“Bolti ya oili?”

“Tayari.”

“Umeikaza?”

“Nimeikaza.”

“Una uhakika, Dada? Hiyo ndiyo roho ya kazi yote.”

“Wewe unaniona mtoto?” nikakujibu, na nilikasirika kweli. Ukaweka alama ya vema wewe mwenyewe, kwa kuniamini.

Sikukudanganya kwa makusudi. Wakati ule niliamini nimeikaza, au nilitaka kuamini, ili nisirudie kuingiza mkono mle. Nimejiuliza mara nyingi tofauti ya hayo mawili ni ipi, na sijaipata.

Ulipowasha, gari liliunguruma sauti mpya, na majirani wakatoka. Kulikuwa na moshi kidogo upande wa nyuma wa injini. Ulisema ni grisi ya mikono yetu inaungua, itaisha. Halafu mlango wa nyumba ukafunguka, Baba akatoka amevaa shati lake la kwendea kanisani. “Twendeni,” akasema, “tukayaone hayo mapafu.” Nilikuona ulivyomfungulia mlango wa mbele. Ulimfungulia kwa mikono miwili.

Mie nilikaa nyuma. Tulipita Bunju, tukaiacha lami, tukaingia ile barabara ya vumbi isiyo na watu. Ukakanyaga mafuta. Lile gari lililokuwa likipanda mlima kama mzee mwenye pumu liliruka mbele mpaka kichwa changu kikagonga kiti. Na Baba akacheka. Sijui kama ulisikia vizuri kwa sababu ya injini. Alicheka kama kijana, akapiga dashibodi kwa kiganja, akasema, “Ongeza! Ongeza, fundi!”

Alikuita fundi. Nataka ujue kwamba nilisikia.

Kisha harufu, kisha moshi ukatoka kwenye kingo za boneti, mweusi, mzito. Ulisimamisha gari, ukazima, ukapiga kelele, “Shukeni! Baba, usifungue boneti! Usifungue!” Lakini unamjua Baba, mtu ambaye maisha yake yote kitu kikiharibika anakishika kwanza. Alikwishafika mbele, mikono iko chini ya boneti, akaiinua. Hewa ikaingia, na moto ukamrukia. Ulimvuta, ukamwangusha chini, ukauzima moto wa mikono yake kwa shati lako mwenyewe. Waendesha bodaboda waliotokea nyuma yetu walirusha mchanga kwenye injini. Nami nilisimama pembeni nikiwa nimeshika kiatu kimoja cha Baba, sijui nilikiokota saa ngapi.

Gari lilivutwa hadi nyumbani. Kesho yake mchana, wewe ukiwa hospitalini kwa Baba, niliingiza mkono nyuma ya ile injini iliyoungua. Nikaipapasa bolti. Ilizunguka kwa vidole viwili, na oili ilikuwa imevuja hapo ikamwagikia eksozi.

Nikautoa mkono, nikaenda kunawa. Nikatumia sabuni nyingi sana.

Wiki ile Baba aliporudi amefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, Shangazi aliita ukoo. Sebule ilijaa, wengine walisimama dirishani. Kila mmoja alisema lake: kijana wa siku hizi, mashindano, kiburi. Mwisho Baba akakuuliza, “Una neno?” Ukasimama. Ukasema, “Kosa ni langu. Fundi ni mimi.” Hukusema zaidi. Na nitakuambia kitu kilichonila miaka hii yote: ulimtazama kila mtu mle ndani, Shangazi, wajomba, majirani wa dirishani, isipokuwa mimi. Ndiyo maana nafikiri ulijua. Nafikiri na wewe ulikwishaipapasa ile bolti.

Baba akainua ile mikono myeupe ya bandeji. “Hii ndiyo iliyokulisha,” akasema. “Umeichoma. Sina radhi nawe.” Shangazi akajifunika uso kwa khanga. Neno la mzazi namna ile halirudi lilikotoka hivi hivi.

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nikajiambia, Baba apone kwanza. Jumatatu nikiwa kazini, ukaondoka.

Mkono wa kushoto ulipona. Wa kulia vidole vitatu havikunjiki. Patasi haishiki, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili, na vifaa vyake alimpa mchongaji mwenzake wa Mwenge. Wageni wakimuuliza, anasema, “Kijana wangu aliniunguza.” Na mie nipo hapo hapo, namimina chai, nauliza nani aongezewe sukari. Hivyo ndivyo nilivyoishi, Festo. Mtu huzoea. Hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwamba nilizoea.

Jumapili iliyopita tulikaa mezani, mie na yeye tu. Baada ya sala akaongeza maneno yake: “Na nakushukuru Mungu, umeniachia mmoja wa kutegemewa.” Nilikuwa nimekwishapeleka tonge mdomoni. Nikalirudisha kwenye sahani, nikamwambia.

Nilimwambia yote: boza, spana, alama ya vema, na vile vidole viwili. Nilipomaliza aliiweka mikono yake juu ya meza, akaitazama kwa muda mrefu kama kazi ya mtu mwingine.

“Aliniambia nisifungue,” akasema. “Nilimsikia. Nilifungua.”

Nikaisogeza sahani yangu pembeni.

“Na yeye alijua kuwa ni wewe?”

“Nadhani alijua, Baba.”

“Akanyamaza.”

“Akanyamaza.”

Akainuka, akatoka uani. Nilidhani hatarudi mezani. Alirudi na bakuli la maji, akasimama mlangoni akitazama upande wa barabara. Akachota maji kwa ule mkono wa kulia, mengi yakimtiririka kati ya vidole, akayanyunyiza nje mara tatu, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliye hatua chache tu, “Festo, neno nililolisema nimelifuta. Radhi zangu unazo. Popote ulipo, kazi yako ifanikiwe, na njia ya hapa iko wazi.”

Nilikuwa nalia. Nikamuuliza, “Na mie, Baba?”

Akaliweka bakuli chini polepole. Hakuwa na hasira, na ningependa zaidi angekuwa nayo. “Wewe, Anjela, nipe muda,” akasema. “Leo mdogo wako ale kwanza.”

Tangu siku hiyo chai yake anajimiminia mwenyewe. Inamwagika, anafuta, hataki nimsaidie. Shangazi nimekwishamwambia, na Jumamosi ijayo nitawaita wote waliokuwa sebuleni siku ile, pamoja na wale wa dirishani, niseme mbele yao kilichonishinda wakati ule. Sikuandikii ili unisamehe. Hilo ni lako, nalo lisikuharakishe. Ninachokuomba ni kwamba mtu akikuuliza tena hapo Tunduma kwenu ni wapi, umwambie ni Boko.

Kaa salama, fundi. Mwenye njia ya kukufikishia haya, namwomba akufikishie.

Mimi, dada yako mkubwa.