Baba Kristina, Nimeuvuka Mstari wa Chokaa

Baba Kristina,

Shuleni kwetu Liuli tulifundishwa kuanza barua kwa kumuuliza mtu hali. Yako naijua, mimi ndiye niliyekufumba macho. Yangu nitakwambia: ni mzima, nina hasira, na nimeufanyia mji huu wa Mbinga jambo ambalo ungekuwapo ungejifunika shuka kwa aibu, halafu ungecheka humo humo ndani ya shuka.

Lakini nianze na waliyoyasema baada ya kukuzika, maana hukuyasikia.

Siku ya kuanua matanga Mwenyekiti wa timu, ndiye huyo huyo wa ushirika wa kahawa, alisimama uani kwetu akawaambia ndugu zako kwamba kifo chako si cha bure. Ulitoroka kambini siku ya kuamkia mechi ukaja kulala nyumbani, na kila mtu anajua mchezaji akilala kwa mkewe siku hiyo, dawa ya timu inavunjika. Tena mke mwenyewe katoka ziwani, na timu mliyocheza nayo ilitoka ziwani. Akanyamaza hapo ili watu wamalizie wenyewe. Walimalizia. Shangazi yako alisogeza kigoda chake mbali na changu.

Wewe unajua ulikuja kufanya nini. Kule godauni walikokulazeni, juu ya magunia ya kahawa, wenzako walikuwa wanaimba na kichwa chako hakikutaka nyimbo. Ulifika jua halijazama, ukasema, "Mama Kristina, funga dirisha, mwanga unaniumiza." Nikafunga. Nikakupa ugali na usipa, dagaa wa kwetu ziwani, ukala matonge mawili ukaacha, wewe ambaye kwa usipa ulikuwa unalamba mpaka bakuli. Ukalala gizani, mkono wangu juu ya paji la uso wako, paji lile lile ambalo mji mzima ulilishangilia. Hiyo ndiyo dhambi tuliyoitenda.

Na kichwa hakikuanza siku ile. Kilianza Songea, mechi ya mvua, mpira wa ngozi umekunywa maji mpaka umekuwa kama jiwe la kusagia, na wewe beki wa kati ukauendea kwa kichwa kama kawaida yako. Uliupiga, ukaanguka, ukalala. Aliyenisimulia ni Otmari, mdogo wako, kwa sababu wewe mwenyewe hukukumbuka. Wakakumwagia ndoo ya maji, fundi wa timu, yule wa dawa, akakupaka majivu usoni, ukainuka ukaendelea kucheza, watu wakapiga makofi. Baada ya hapo ukaanza kutia chumvi kwenye chai. Ukawa unamwita Kristina kwa jina la dada yako. Siku moja ulisimama njia panda ukamwuliza mtoto wa shule njia ya kwenda godauni, na godauni ndiko ulikokuwa unafanya kazi.

Mganga wa zahanati alikwambia usiguse mpira mpaka kichwa kitulie kabisa. Ukampelekea Mwenyekiti maneno hayo kwa adabu, kofia mkononi. Alicheka. Alisema kichwa cha Mmatengo ni jiwe. Ulirudi nyumbani unacheka na wewe, na mimi nilitaka kukupiga mwiko. Ulifikiri sijui kwa nini hukubisha? Uliajiriwa kupima kahawa, lakini mzani ulishikwa na wengine. Wewe uliajiriwa kwa kichwa, na asiyecheza hana kazi.

Siku ya mechi ukaanguka tena. Wakakumwagia maji tena, wakakuinua tena. Mkashinda. Wakakupakia kwenye lori pamoja na wenzako, likazunguka mji kwa honi na nyimbo, wewe umelala juu ya turubai, watu wanasema jamani leo Hyasinti kachoka. Lilipofika mlangoni kwetu ulikuwa unatapika. Ukaniuliza, "Tumefungwa?" Nikakwambia mmeshinda. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho na nayachukia. Lori lile lile likageuzwa kukuteremsha hospitali kule ziwani, nami ubavuni pako. Hukufika.

Sasa unaelewa kwa nini siku ya matanga nilisimama. Najua mjane hasimami akajibizana na wanaume mbele ya wazee. Nilisimama. Nikasema, "Mwenyekiti, mume wangu hakuuawa na kitanda changu. Alikuwa mgonjwa mkamrudisha uwanjani." Nikamwambia na jezi yako, ile namba tano, haitoki ndani ya nyumba yangu mpaka yeye mwenyewe aje asimame hapo hapo uani aseme maneno hayo: alikuwa mgonjwa, tukamrudisha uwanjani. Wakasema majonzi yamenipanda kichwani. Lakini jioni nilipompa mama yako shikamoo, aliitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti iliyofika kwa majirani wa pili. Tangu hapo shangazi yako amekirudisha kigoda.

Jezi hawakuipata, wakashona nyingine. Wakamvalisha Otmari. Wakampa na nafasi yako godauni, udongo wa kaburi lako haujakauka. Nilimsihi. Akaniambia, "Shemeji, niache, hii ni heshima ya kaka." Nikamwacha, maana alikuwa ameshakuwa na mwendo wako, anatembea kifua mbele hata akienda kuchota maji.

Ndipo ikaja mechi ya marudiano na wale wa ziwani, hapa hapa Mbinga. Nilikwenda na nguo zangu nyeusi, nikakaa upande wa wanawake. Utaratibu wenu unaujua kuliko mimi. Siku ya mechi mwanamke havuki mstari wa chokaa, hata kuku jike akikatiza fundi anatoka na usinga kusafisha. Na dawa ikishafukiwa golini, mchezaji hatoki mpaka mwisho. Akitoka mmoja amefungua mlango, mabao yanaingia. Watu wazima, wengine wanasoma somo kanisani, wanaliamini hilo kwa moyo wote. Ndiyo maana hawakukutoa. Nilikuwa nimelijua siku zote, ila siku hiyo nikiwa nimekaa pale kwenye nyasi ndipo nilipolielewa.

Otmari aligongana vichwa na mshambuliaji wao. Mlio niliusikia. Alianguka kifudifudi, mikono haikutangulia. Maji yakaja. Majivu yakaja. Akainuka, watu wakapiga makofi, na mimi nikaona anatembea kuelekea golini kwetu, mpaka golikipa akamshika mabega akamgeuza. Akachuchumaa kufunga kamba ya kiatu. Ilikuwa imefungwa. Akaifungua akaanza kuifunga upya, anaitazama kama kitu ambacho hajawahi kukiona. Baba Kristina, kuanzia hapo sikumwona Otmari. Nilikuona wewe, na chumvi yako kwenye chai.

Nikavua kandambili nikauvuka mstari.

Fundi aliangusha kibuyu chake. Mwamuzi, mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba, mgeni wa mambo yetu, hakuelewa kwa nini watu wameganda. Akaniambia kwa upole, "Mama, tafadhali toka uwanjani." Nikamwambia, "Nitatoka, mwalimu, huyu akiwa mbele yangu." Mwenyekiti akaja mbio, jasho linamtoka, "Umetuharibia. Umetuharibia kila kitu." Nikamjibu, "Ndiyo. Dawa yenu nimeivunja, na watu wote wameona. Mlango uko wazi. Haya, huyu mnamshikilia afunge nini?"

Kwa imani yao wenyewe hakukuwa tena na sababu ya kumbakiza. Sikuwa nimelipanga, nakuapia, lilinijia miguu ikiwa tayari ndani ya chokaa.

Nikamshika Otmari kidevu nikamwuliza mama yake anaitwa nani. Alifikiri sana. Akasema, "Jumatano." Hakuna aliyecheka. Nahodha wenu ndiye aliyempitisha mkono begani, wakatoka naye, mimi nyuma yao na kandambili zangu mkononi. Safari hii gari liliteremka ziwani moja kwa moja, bila honi. Nilimshikilia kichwa kwenye kona zote za mteremko ule.

Tulifungwa, kama unataka kujua. Tulifungwa vibaya. Mji ukanitungia wimbo, na wimbo wenyewe mzuri, umenishinda kuuchukia. Kisimani baadhi ya wanawake walikuwa wananipisha kama mwenye ukoma. Wengine walinipisha kwa heshima, na tofauti niliiona.

Wakaniita kikaoni. Mwenyekiti akasoma makosa yangu, akaniita Ndugu kila mstari. Nikamwambia, Ndugu Mwenyekiti, kila mkutano unatuhubiria kwamba hapa kwetu mtu si wa kutumiwa na kutupwa. Mashine ya kukoboa kahawa ikianza kukohoa mnaizima, mnamwita fundi kutoka Songea. Mtu akigongwa kichwa mnamtafutia mchawi. Na mwanao alipoanguka na baiskeli, si ulimpeleka hospitali siku ile ile, ukamfungia ndani gizani, ukamkataza hata kitabu? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hapo alikikunja kikaratasi chake. Nilidhani anakuja kuyasema yale maneno. Akasema wamenifungia kuingia uwanjani maisha.

Basi siingii. Nasimama kwenye mstari, vidole vya miguu vinagusa chokaa, na hakuna kanuni inayokataza vidole. Wake wa wachezaji wameanza kuja kusimama na mimi, mmoja mmoja, wengine wanasema wamepita tu. Na wachezaji wanajua: akianguka mtu, nahodha anamwuliza jina la mama yake, na akikosea, anatoka, au mimi naingia. Juzi tulipocheza kijijini Kingerikiti kijana wetu aligongwa, akajibu vizuri kabisa, ila alikuwa anajibu huku amemtazama mwamuzi akidhani ndiye nahodha. Akatoka mwenyewe akaja kukaa miguuni pangu. Mlango haukufunguka, tulitoka sare. Fundi ameanza kusema dawa mpya hairuhusu wagonjwa uwanjani. Mwache aseme, mradi watoke.

Otmari alipona polepole. Kazi ya godauni wakampokonya, kama nilivyojua. Masika yote hakunisemesha. Alikuwa akipita hapa anamsalimia mama yenu na Kristina, mimi ananiruka kama kisiki. Iliniuma kuliko wimbo. Halafu asubuhi moja nilikuwa shambani nachimba ngoro, mashimo yenu haya ya Kimatengo ambayo mgongo wa mtu wa ziwani hautayazoea, nikasikia jembe la pili. Tulilima mpaka jua likawa kali. Akasema, "Nilitaka kuwa kama kaka." Nikamwambia, "Najua. Ndiyo maana nilikuja kukutoa." Akacheka kidogo, kisha akalia, na mimi nikaendelea kulima ili alie vizuri.

Mwenyekiti bado hajaja. Wiki iliyopita alimtuma mtu aombe jezi, eti waitundike ofisini kwa heshima yako. Nilimpa chai mjumbe wake, nikamrudisha na jibu kwamba njia ya uani kwetu bosi wake anaijua. Jezi iko kwenye msumari, juu ya kitanda kile kile walichokisingizia. Nafagia uani kila siku, Baba Kristina, ili siku akija asikose pa kusimama.

Nimekukumbuka sana. Nakukumbuka hasa kwenye usipa, napika kidogo na bado unabaki. Kristina anaanza kuuliza, na mimi simwambii ulirogwa wala simwambii ni mapenzi ya Mungu. Namwambia, "Baba yako alikuwa mgonjwa na watu wakamrudisha uwanjani, nasi tunangoja waseme." Nakuahidi ataijua sentensi hiyo kabla ya sala ya chakula. Nakuahidi pia kwamba maadamu kuna mpira Mbinga, vidole vyangu vitakuwa kwenye chokaa, na nikizeeka atasimama yeye.

Lala sasa, baba. Dirisha nimelifunga. Safari hii hakuna wa kukumwagia maji uinuke.

Mkeo,
Mama Kristina