Trela Nyepesi

Garsen, Jumatano, baada ya Magharibi

Leo jua limewaka tangu asubuhi kana kwamba halijui kuwa hapa hapa tulikuwa tukipita kwa mtumbwi. Matope ya barabara ya Hola yamekauka yakapasuka, na vumbi limeanza kuingia dukani mpaka kwenye vitambaa. Nimeshinda nikilalamika vumbi. Wakati wa mafuriko nilikuwa nikimwomba Mungu anipe hata konzi moja ya vumbi. Binadamu haridhiki.

Nimechoka, nina aibu kidogo, na nina furaha. Sijui nianze na lipi.

Nianze na trela. Mkandarasi aliyekuja kutengeneza barabara baada ya mafuriko anafunga kazi, na trela zake mbili ameziacha karibu na soko la ng'ombe ili dalali aziuze. Ya kwanza ni bapa moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma, haina kuta, chesisi yake ni ya chuma chembamba na sakafu ni ya alumini. Trela ikiwa haina uzito, ule uzito uliookoa kwenye chuma unaujaza saruji, na ukifika kwenye mizani hakuna wa kukuuliza. Ya pili ina ngazi: mbele iko juu, pale inaposhikana na kichwa cha lori, halafu sakafu inashuka ghafla na kwenda chini chini hadi nyuma. Hiyo ni chuma kitupu, tena rangi imebabuka.

Sisi tuna kichwa bila trela. Yetu ya zamani ilisombwa na maji, na tulipoipata ilikuwa imejikunja, haifai hata kwa vyuma chakavu. Na kabla ya maji, mume wangu Barisa alikuwa ameanguka kutoka juu ya mzigo wa mbao akifunga kamba, goti likaharibika. Tangu hapo yuko nyumbani. Mtu aliyezoea kula mchana Malindi na jioni Hola, sasa anakaa kwenye kiti mlangoni mwa duka langu akitazama malori ya wenzake yakipita. Mara nyingine hunionyesha moja na kuniambia mzigo ule umefungwa vibaya.

Inaniuma kumwona hivyo. Ndiyo maana hizi trela nilizichangamkia kuliko yeye mwenyewe.

Sasa, lazima niseme jinsi tunavyozungumza humu ndani, maana kosa lote limetokea hapo. Yeye ni Muorma, mtu wa ng'ombe. Mimi ni Mmalakote wa Nanighi, kwetu ni mashamba ya ukingoni mwa mto. Kiorma changu ni cha sokoni, na Kimalakote chake ni cha kumsalimia mama mkwe. Kwa hiyo tumekutana katikati, kwenye Kiswahili, na kila mmoja amekuja na Kiswahili cha kwao.

Juzi nilimuuliza, kati ya zile mbili anataka ipi. Akanijibu, "Mimi nataka nyepesi, Mama Hawa. Nyepesi tu."

Basi, mimi nikashika hapo hapo.

Nikamwendea dalali siku ile ile. Nikaikagua ile ya alumini, nikaisifu, nikaikosoa, nikaisifu tena. Kila mteja aliyeingia dukani nilimweleza kuhusu uzito na mizani mpaka nadhani wengine walinunua sukari haraka ili waondoke. Barisa alikuwa pale pale kwenye kiti chake, akisikia yote. Hakutia neno. Nikajiambia kunyamaza ni kukubali. Mama yangu husema mimi nasikia mwanzo wa maneno ya mtu, mwisho wake naumalizia mwenyewe.

Leo baada ya Adhuhuri tukaenda wote wawili kutoa jibu, kwa sababu dalali alisema kuna mtu wa Malindi anazitaka zote. Soko lilikuwa limeanza kupoa. Wauza ng'ombe walikuwa wamejikunyata kwenye kivuli cha trela, wanakunywa chai.

Barisa alikwenda moja kwa moja kwenye ile ya chini. Sakafu yake ilimfika kiunoni tu. Akaweka kiganja juu yake, akaipapasa kama anavyopapasa mgongo wa ng'ombe anayetaka kumnunua. Nami nikamvuta mkono wa shati.

"Si hiyo, Baba Hawa. Yetu ni ile."

Akanifuata.

Dalali ni mtu wa maneno matamu. Akamwambia, "Mzee Barisa, panda juu ujionee mwenyewe. Alumini safi, haina hata tundu." Sakafu ya trela ile ilimfika Barisa kifuani. Akaweka mguu wa kushoto juu ya tairi, akashika ukingo kwa mikono miwili, akajivuta. Goti likakataa. Akajivuta tena. Akabaki pale, mguu mmoja juu ya tairi, mikono juu, na wauza ng'ombe wakaacha mazungumzo yao. Dalali, Mungu amlipe, akainama ghafla kukagua springi ambazo nina hakika anazijua zote.

"Nimeona kutoka hapa," Barisa akasema, akashusha mguu taratibu.

Ninaishi na mtu huyu, ninampikia, ninamkanda goti kwa mafuta ya ufuta, na sikujua kama limefika hapo. Nyumbani kwetu hakuna kitu cha kupanda.

Nikamsogeza pembeni, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Si ulisema unataka nyepesi?"

"Ndiyo. Ile pale," akasema, akaielekezea kidevu ile ya ngazi.

"Ile ni nzito, Baba Hawa. Ni chuma kitupu."

"Uzito ni shida ya gari. Mimi nasema nyepesi kupanda. Nyepesi kufunga kamba."

Nilisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Nyepesi yangu ilikuwa ya mizani. Yake ilikuwa ya goti. Na neno lenyewe halina kosa, linabeba zote mbili bila kulalamika.

"Kwa nini hukunisahihisha siku zote hizi?"

"Nilisema mara moja. Wewe ulishafika kwa dalali."

Hapo ningecheka kama si macho ya watu. Lakini nilielewa na lile ambalo hakulisema. Kunisahihisha kungemlazimu kueleza kwa nini, na pale dukani, mbele ya wateja wangu, angelazimika kusema kwa kinywa chake kwamba hawezi tena kupanda. Afadhali anunuliwe trela ya kumwua. Na angeipanda, namjua. Kuna vijana wengi hapa Garsen wa kufunga kamba, lakini Barisa haendeshi mzigo ambao hakuufunga yeye. Angeipanda leo, na kesho, mpaka siku ambayo ningeitwa barabarani.

Nikarudi kwa dalali peke yangu. Nikamwambia tunachukua ile ya ngazi.

"Dada, si ulikuwa ukiisifu hii kama bibi harusi?"

"Nimeghairi," nikasema, tena kwa sauti ya kufika kwenye kivuli. "Mimi ndiye nitakayepanda kukagua mzigo, na mimi na leso zangu sipandi mnazi."

Walicheka wote. Mmoja akasema ndiyo hayo, ukimpa mwanamke shauri la gari. Nikawaacha wacheke. Barisa hakucheka. Alikuwa akifunga upya kikoi chake, amenipa mgongo, na hiyo ndiyo namna yake ya kushukuru.

Sijidanganyi. Tutabeba saruji pungufu kila safari, na lile tumbo la chini litakwaruzwa kwenye matuta ya matope mvua zikirudi. Nilimwambia hivyo njiani. Akanijibu kwamba matope yakizidi atasimama angoje, na kwamba mimi siijui trela ile. Mashamba ya Bura yana trekta na mashine za kuvuta maji, vitu virefu, na ukivipakia kwenye trela ya juu vinagonga matawi njia nzima. Kwenye hii vinakaa chini, vimetulia. Akanieleza mnyororo unapita wapi na unakazwa vipi. Kutoka sokoni hadi dukani alizungumza kuliko alivyozungumza tangu aanguke. Nilitembea polepole makusudi, ili njia isiishe upesi.

Hiyo ndiyo furaha yangu. Aibu yangu nayo bado ninayo hapa.

Maana nikijiuliza vizuri, hili ni neno moja tu, na limejulikana kwa sababu kulikuwa na tairi la kupanda na watu wa kutazama. Kila asubuhi namuuliza, "Umeamkaje, mguu je?" Naye hunijibu, "Mzima." Namshukuru Mungu, nafungua duka.

Yuko ndani sasa. Namwona kupitia mlangoni, amekaa kwenye mkeka, ananyoosha ule mguu kidogo kidogo kwa mikono miwili, anadhani sitazami. Naweka kalamu chini. Naenda kukaa karibu naye nimuulize, kisha ninyamaze mpaka amalize: kwake yeye, mzima maana yake nini?